Albamu Waliyoinyoosha

Sogea karibu, mwanangu. Haya siyasemi kwa kila mtu. Nakuambia wewe kwa sababu nakuhesabu mtu wangu, mtu ninayeweza kumwachia funguo za nyumba nikaenda ibadani, nikarudi nisihesabu vijiko. Na kwa kuwa umesema unataka kujifunza kurekodi muziki, ni bora unisikie sasa hivi nikiwa na hasira. Nikishapoa nitakuambia maneno matamu ambayo hayatakusaidia kitu.

Mimi studio nimeacha. Pale Nzuguni, mtaani kwangu hapa Dodoma, wananiita mstaafu kwa utani, maana hata mvi sina za kutosha. "Mama Tumaini, pensheni imetoka?" Nawajibu imetoka, wameila wenyewe. Ukweli ni kwamba niliondoka kwa miguu yangu, hedifoni shingoni, na sababu ni albamu moja ya vijana wa muziki wa metali, ule wa magitaa yanayonguruma, na jinsi ilivyoharibiwa na watu wazima wawili walioamini wanaisaidia.

Sasa usipoielewa kazi, hasira yangu utaiona ya bure. Ngoja nikuambie kazi.

Niliingia studio nikiwa mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Tulikwenda kurekodi, na mimi nikawa nachungulia chumba cha mashine kuliko ninavyoimba. Fundi aliyekuwepo aliitwa Mwalimu Yona, mtu wa Mpwapwa, mfupi, mkali, aliwahi kufundisha shule ya msingi kabla hajaanza kufunga spika kwenye mikutano ya injili. Akaniambia, "Wewe dada, ama uimbe ama uje huku. Usisimame mlangoni unaniingizia upepo." Nikaenda huku. Mchana studio, jioni darasani, kwa sababu sekondari nilimalizia kwenye masomo ya jioni nikiwa tayari na mtoto mgongoni. Kompyuta nimejifunzia hukohuko. Mwalimu wa jioni anatufundisha kuandika barua ya kuomba kazi, mimi namuuliza sauti inakaaje ndani ya diski. Alinichoka yule baba.

Mwalimu Yona alikuwa hana maneno mengi, ila kila neno lilikuwa na kazi. Utakuta studio nyingi hapa mjini wamebandika trei za mayai ukutani. Yeye alikuwa anasema, "Trei ya mayai inazuia mayai yasivunjike. Sauti, leta godoro." Mikisa yetu, ile mashine ya kuchanganyia sauti, alikuwa anaifunika kanga kama chakula, kwa sababu upepo wetu huu ukianza kupuliza, vumbi linaingia mpaka kwenye vitufe, na kitufe chenye vumbi kinakwaruza wimbo wa mtu. Friji ya soda ilikuwa inazimwa kabla ya kurekodi, maana inanguruma. Akishaizima anavua kiatu kimoja anakiweka juu yake, ili asije akaondoka akasahau kuiwasha. Ukimuona Mwalimu Yona anatembea na kiatu kimoja, ujue kuna kwaya ndani.

Lakini la maana kuliko yote ni hili, na ulishike. Alikuwa anasema: mtu akitoka nje ya biti mara moja, amekosea. Akitoka palepale mara tatu, hajakosea, ndivyo anavyotaka. Muulize. Usiguse kitu kabla hujamuuliza.

Hayo tu. Muulize. Ni kazi ya dakika moja.

Mwalimu Yona alipozeeka akarudi kwao kufuga mbuzi, mimi nikashika kiti. Miaka yote hiyo tulikuwa tunarekodi kwaya. Na kwaya siku hizi, wewe unajua, zinakuja na kinanda kimeshatengenezewa mdundo, tatizo ni moja tu, wale sauti ya tatu wanachelewa. Kazi nzuri, kazi ya Bwana, naipenda. Ila mwendo ni uleule wa mapigo manne. Nne, nne, nne, mpaka amina.

Ndipo wakaja hawa watoto. Watatu. Gidioni wa gitaa, mwembamba, baba yake mfugaji huko upande wa Mpwapwa. Asha mwimbaji, binti wa mjini hapa, babu yake ana duka la vitambaa, ushungi umekaa vizuri kichwani na besi mgongoni, maana besi pia anapiga yeye. Na Festo wa dramu, kazi yake ya kula ni kuchomelea mageti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kwaya ya wapi?"

Wakatazamana. Asha akasema, "Hatuna kwaya, mama. Sisi ni bendi. Tunapiga metali."

"Metali ya mageti?"

"Hiyo ya mchana," Festo akasema. "Hii ya jioni."

Gidioni hakucheka. Gidioni hacheki mtu akizungumzia muziki wake, utafikiri yuko msibani. Akaniambia, "Yetu ni progresivu, mama. Wimbo unatoka hapa unakwenda kule, haurudi kwa njia ileile. Na zote ni hadithi moja. Mvua imegoma, watu wanahamisha ng'ombe, ng'ombe wanaisha njiani. Tunataka iwe kitu kimoja toka mwanzo mpaka mwisho, pasiwe na mahali pa kupumzika. Inaitwa Vumbi la Ng'ombe."

Nikasema haya, ingieni, vueni viatu.

Siku ya kwanza nilimwekea Festo kliki, ule mlio wa tik tik wa kuhesabia, nikauweka nne kama nilivyozoea. Akapiga kidogo, akaachana nao. Nikarudisha. Akaachana nao tena. Nikafungua kipaza sauti, "Festo, mwanangu, unatoka nje ya kliki."

"Mama, kliki ndiyo inatoka nje yangu."

Akatoka palepale mara ya tatu. Nikazima mashine nikaenda kuwauliza. Gidioni akachukua fagio la kudekia, akaligeuza mti chini. Akasema, "Mama akitwanga uwele. Tazama." Akatwanga: moja, mbili, tatu, nne, halafu tano mti ukaachiwa hewani, sita kofi, saba akaudaka akatua. "Saba. Mama hajawahi kutwanga nne nne. Nane ingemchosha na sita ingemnyima kofi." Na baadaye wimbo unapoingia sehemu ya ng'ombe kuchoka, saba inakuwa tano, maana aliyetwanga amechoka, kofi halipo tena.

Mwanangu, sikia. Mimi nimetwanga uwele tangu utoto. Kofi lile nalijua kwa viganja. Lakini sikuwahi kufikiri mtu anaweza kulitia kwenye gitaa linalonguruma kama lori linapanda mlima. Nikairudisha kliki ndani ya kabati. Kuanzia siku ile nikawa narekodi mkono wangu uko pajani, unatwanga. Nakupa hiyo kama ufundi: wimbo usioweza kuuhesabu kwa kichwa, mpe mkono au mguu kazi unayoijua. Utauelewa.

Asha naye alinitia aibu kidogo. Siku ya kurekodi sauti alianza vizuri, sauti nyororo, nikasema huyu angekaa safu ya mbele kwenye kwaya yangu. Mara akatoa mngurumo kutoka tumboni, mzito, wa kutisha. Nikasimamisha mashine nikakimbia na glasi ya maji, nikampiga piga mgongoni.

"Mama," akasema, "ndiyo naimba."

"Hiyo?"

"Hiyo ni ng'ombe dume anaanguka."

Basi nikajifunza. Mngurumo ule maiki unaiweka mbali, hatua kadhaa, na unashusha sauti ya kuingia, la sivyo inakuwa kama mtu anafua shuka masikioni mwako. Na mwimbaji asile chipsi za pilipili kabla. Asha akawa anaswali zake kwenye ofisi ya Bosi, mwenye studio, mimi naomba yangu kwenye chumba cha mashine, tunakutana tunaendelea.

Kanisani habari zilifika. Mzee mmoja wa kanisa akanisimamisha nje baada ya ibada, mbele za watu. "Mama Tumaini, tunasikia unarekodi mashetani."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unarekodi mashetani?"

"Narekodi njaa, baba. Umewahi kuona ng'ombe wanaisha mmoja mmoja?"

"Nimeona."

"Walikuwa wanaimba pambio?"

Akaniambia nina mdomo. Nikamwambia ndiyo, na Mungu ndiye aliyenipa. Yakaishia hapo, nilidhani.

Sasa lile la kuudhi.

Tulimaliza kurekodi. Wimbo wa mwisho, ule mrefu kuliko wote, waliupiga watatu kwa pamoja kwa pumzi moja, na Festo alipomaliza akaweka vijiti chini, akakaa ametazama mikono yake kama si ya kwake. Ilibaki kusawazisha sauti, gitaa lisimmeze Asha, basi. Nikaweka kazi kwenye mashine, nikaweka nakala kwenye diski ya akiba, nikaandika juu yake USIGUSE. Kisha nikaenda semina ya akina mama wa kanisa, nje ya mji. Nikamwambia Bosi, nikirudi namalizia.

Bosi hakungoja. Kwaya kubwa ilikuwa inataka chumba, yeye akaona hawa watoto wanakalia nafasi. Akamwita kijana mmoja prodyuza, Roja, mtaalamu kweli wa kompyuta, anatengeneza midundo ya harusi. Akampa albamu, akamwambia maliza.

Nilirudi nikamkuta Roja amekaa kwenye kiti changu, anatabasamu. "Mama, shikamoo. Kazi yako nimekusaidia. Ilikuwa na makosa mengi, sijui mlikuwa mnaonaje. Yule dogo wa dramu kila mahali anapitiliza, au anakatiza. Nimekaa nayo nakata, nakata, nakata. Sasa imenyooka."

"Umekata nini?"

"Vile vilivyozidi."

Nikavaa hedifoni. Mkono nikauweka pajani. Ndugu yangu, ni kama unatwanga na mtu anakuhamishia kinu. Mchi unashuka, kinu hakipo. Kila saba ameikata akabakiza nne. Pale penye tano amebakiza nne. Kofi la mama yake Gidioni ameliondoa, pote, wimbo mzima, kwa uvumilivu wa mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Mngurumo wa Asha aliuona kama kelele, akaupunguza mpaka ukawa kama mtu anakoroma chumba cha jirani. Na ile hadithi moja isiyo na mahali pa kupumzika ameikatakata vipande vifupi vifupi, kila kimoja kina mwisho wake mzuri.

Nikavua hedifoni. "Roja, ulimuuliza nani?"

"Mama, kosa si linasikika?"

"Ulimuuliza nani?"

"Sasa nimuulize mtu kama anajua kuhesabu mpaka nne?"

Nikauliza faili za mwanzo ziko wapi. Zimefutwa, mashine ilijaa. Diski ya akiba? Bosi akakohoa. Diski ilikwenda na vijana wa video, walikuwa na harusi, hawakuwa na pa kuwekea. Diski imeandikwa USIGUSE, mwanangu, kwa herufi kubwa, na juu ya kazi ya Vumbi la Ng'ombe akawekwa bwana harusi anakata keki.

Umeona kwa nini sipoi? Mtu akikuibia anajua ameiba. Hawa walikuwa wamekaa pale wananitazama kama wananisubiri niwashukuru.

Bosi akanivuta pembeni. "Mama Tumaini, watoto wanakuja mchana. Mwambie Gidioni umeme ulikatika, mashine ikala kazi, tukaokoa tulichoweza. Dodoma nzima itaamini."

"Umeme ulikuwepo."

"Mama, hii ni studio yangu, na wewe ni mfanyakazi wangu. Na hawa watoto, hata mzee wako wa kanisa alikuja hapa kulalamika. Unawalilia ya nini?"

"Sijalia. Nikilia utajua."

Wakaja. Wamevaa vizuri, Asha ameleta visheti kwenye kopo. Bosi akabonyeza, muziki ukaanza. Mimi nilikuwa namtazama Festo. Yule mtoto akisikia dramu zake mikono haitulii, anapiga hewani. Akainua mkono kupiga lile kofi, na kofi halikuwepo, wimbo umeshapita. Mkono ukabaki juu. Akajaribu tena kwenye duru ya pili. Ukabaki juu tena. Akaushusha, akauweka chini ya paja lake, akaukalia.

Gidioni alisema polepole, "Huyu ni nani anapiga?"

"Ni ninyi," Roja akasema, "ila mmenyooka."

Asha hakumwangalia Roja wala Bosi. Aliniangalia mimi. "Mama, yetu iko wapi?"

Bosi akanikazia macho. Umeme, umeme, macho yake yanasema. Nilikuwa na ada ya Tumaini ya kulipa, na kazi hiyo ndiyo pekee ninayoijua. Nikasema, "Imefutwa, mwanangu. Si umeme. Imefutwa na watu, ikakatwa na watu, bila kuulizwa ninyi wala mimi. Na walikuwa wanataka niwadanganye."

Nikachukua hedifoni zangu, za kwangu mwenyewe, nikatoka. Nyuma namsikia Bosi, "Nenda, utarudi." Sijarudi.

Sasa usidhani hadithi za hivi huwa zinaisha watu wakikumbatiana. Gidioni na Asha walikuja kwangu baada ya siku kadhaa, wakasema wako tayari kurudia. Festo hakuja. Nikamfuata kwenye kibanda chake cha kuchomelea. Alikuwa na kinyago usoni, anachomelea geti la mtu, na aliponiona hakukivua.

"Shikamoo mama. Kama ni ile habari, mimi basi."

"Marahaba. Kwa nini basi?"

"Mimi si mashine. Nilipiga nilivyopiga mara moja. Siwezi kukaa nikajiigiza."

Nikakaa juu ya bomba. Nikamwambia, "Sikuombi uirudie ile. Ile imekufa. Nakuomba upige na hasira hiyohiyo uliyonayo hapo ndani ya kinyago."

"Itakuwa mbaya kuliko ya kwanza, mama. Nitapasua ngozi za dramu."

"Pasua. Nitanunua nyingine."

Akachomelea kidogo. Kisha akasema, "Nani atakaa kwenye mashine?"

"Mimi."

"Nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Nyumba yangu Nzuguni haijaisha, sebule haina dari, bati linaonekana, na bati na dramu ni maadui. Nikawaambia akina mama wenzangu wa kanisa nahitaji magodoro. Mmoja, Mama Neema jirani yangu, akauliza, "Hiyo ndiyo ile kelele ya mzee wa kanisa?" Nikamwambia ndiyo. "Ni dhambi?" Nikamwambia ni njaa ya ng'ombe. Akafikiri, akasema, "Haya, njoo uchukue la watoto, langu siwezi, mgongo unauma." Tukaziba sebule kwa magodoro na vitenge mpaka ikawa kama duka la mitumba. Mashine na maiki nikaazima, friji nikaizima, kiatu nikaweka juu.

Wakapiga. Sitakuambia ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa na huzuni, hii ilikuwa na meno. Sehemu ya saba Festo alikuwa anapiga lile kofi kama anamrudishia mtu. Asha alipofika kwa yule ng'ombe dume, nikaona dirishani Mama Neema amesimama uani na beseni lake la nguo, hatikisiki. Walipomaliza akaniambia, "Huyu binti amewahi kuzika ng'ombe?" Nikamwambia ni mtoto wa dukani. Akasema, "Basi amesimuliwa vizuri."

Sikuirudia kuisikiliza. Sikugusa kitu. Nilihamisha kwenye diski tatu, kila mmoja wao nikampa yake mkononi kabla hajavaa viatu, wakiwa bado wana jasho. Kusawazisha walikuja kukaa nami siku zilizofuata, kila kitufe nikigusa naguswa na macho ya wote watatu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Albamu ipo, unaweza kuitafuta. Haina mahali pa kupumzika toka mwanzo mpaka mwisho, na jina langu limeandikwa pale, kwa hiyo mzee wa kanisa amekwisha kunionyesha kidole tena. Lakini Bosi naye ya kwake, ile aliyoikata Roja, aliitoa. Jina lilelile, Vumbi la Ng'ombe, majina yao watatu juu yake. Ile ndiyo inapigwa kwenye baa na kwenye magari, kwa sababu imenyooka. Watu wanamsimamisha Gidioni barabarani kumpongeza kwa kitu ambacho hakukifanya, na yeye, kwa malezi aliyopewa, anasema asante. Nimeiombea hasira hii. Nimepiga magoti kweli. Haijapungua, na nimeanza kufikiri labda sikupewa ili ipungue.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja, si kikubwa. Haya niliyokuambia usikae nayo. Mpe yeyote anayekaa kwenye mashine kushika kazi za wengine, awe wa muziki, wa picha, wa magazeti, wa kushona. Na siku ukiwa mahali, ukaisikia ile iliyokatwa vipande inapigwa, usizime redio ya mtu wala usigombane. Mgeukie aliyekaa karibu nawe, umwambie hao watoto hawakupiga hivyo. Akikuuliza walipigaje, twanga.